Crosby, Stills & Nash au America? Kwa wenye gitaa kavu moja na sauti tatu

Mpwa wangu kanunua gitaa kavu la mtumba mwezi uliopita, nyuzi mbili zina kutu, shingo ina ufa umezibwa na gundi, na siku hiyohiyo kanipigia. "Shikamoo anko, nna swali la muziki." Marahaba, uliza. Kumbe wako watatu, wote wa kwaya ya vijana, wanataka kuanza kuimba zile ngoma za zamani za Kimarekani za magitaa makavu na sauti zilizopandana, sasa kila wakitafuta mtandaoni wanaambiwa majina mawili, Crosby, Stills & Nash na America, na bando lao ni la kuhesabu, waanze na nani?

Nikamwambia nipe siku mbili. Nimemaliza wiki. Nimerudia kusikiliza zote, nyingine usiku kwa eafoni ambayo sikio la kushoto linakoroma, na sasa naandika hapa maana najua sio yeye peke yake anayejiuliza hii kitu.

Jibu la haraka kwa wasio na subira: mkitaka wimbo wa kuimba leo jioni hapo barazani, America. Mkitaka masikio yenu yafunguke msikie sauti ya pili inavyotakiwa iwe, Crosby, Stills & Nash, albamu yao ya kwanza ya 1969, hata msiguse nyingine kwanza. Wenye haraka mnaweza kuishia hapa, wengine tuendelee taratibu.

Tuanze na hawa wakubwa, CSN tuwaite hivyo kwa kifupi. Hawa hawakuwa watoto, kila mmoja katoka kwenye bendi yake yenye jina na kila mmoja katoka na kinyongo chake. David Crosby alifukuzwa The Byrds mwaka 1967. Stephen Stills bendi yake ya Buffalo Springfield ilisambaratika 1968. Graham Nash ni Mwingereza, kakulia Salford kule karibu na Manchester, alikuwa The Hollies ambao walikuwa wanatoa hiti baada ya hiti lakini nyimbo zake mpya wenzake hawakuzitaka, mojawapo ni Marrakesh Express ambayo baadaye ikawa singo ya kwanza ya CSN, sasa hapo unaona mwenyewe nani alikosea. Walikutana 1968 Los Angeles, kwenye vilima vya Laurel Canyon, kwenye sebule ya mtu. Ya nani? Nash amesema miaka yote ni kwa mwimbaji Joni Mitchell, Stills anasema hapana ilikuwa kwa mwimbaji mwingine, Cass Elliot, na mpaka leo hawajakubaliana, na ukishajua hilo umeshawajua nusu. Crosby na Stills wakaimba wimbo wa Stills kwa sauti mbili, Nash akawaambia rudieni, wakarudia, akawaambia rudieni tena, na ile mara ya tatu akapandisha sauti yake juu ya zao. Wote wanasema hapohapo walijua.

America ni kitu kingine kabisa. Dewey Bunnell, Gerry Beckley na Dan Peek walikuwa watoto wa wanajeshi wa anga wa Marekani, baba zao walikuwa wamepangiwa kambi ya West Ruislip nje kidogo ya London, na wao wakasoma shule moja ya watoto wa Wamarekani waliokuwa huko, London Central High School. Yaani ni jamaa wa darasani. Jina lenyewe la bendi walichagua ili watu wasidhani ni vijana wa Kiingereza wanaojifanya Wamarekani, maana ni kweli walikuwa Wamarekani ila wanaishi Uingereza kwenye mvua. CSN walipotoa albamu ya kwanza Mei 1969 hawa ndo kwanza wanamaliza shule. Kwahiyo msiwaweke kwenye mizani kama watu wa rika moja, hawa ni kaka na wadogo zake, wadogo walikaa kwenye santuri za kaka wakazisikiliza mpaka zikajaa mikwaruzo, halafu wakaenda kufanya za kwao.

Sasa tuje kwenye sauti, na hapa ndo nitakaa maana ndo sababu ya kuandika haya yote.

Sisi wa kwaya tunajua sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mi ni wa tatu, miaka mingi sana, na kila mwalimu wa kwaya atakwambia mtu rahisi kumpata ni wa kwanza, maana anaimba wimbo wenyewe, na mtu mgumu kumpata ni wa pili au wa tatu ambaye haimbi melodi. Unamfundisha nota yake, do re mi yote kaishika, mkiungana tu baada ya mistari miwili kashatelezea kwa wa kwanza. Si kosa lake, sikio linavutwa na melodi kama maji yanavyovutwa na mteremko.

America wanafanya harmoni ambayo inaenda na huo mteremko. Bunnell anaimba katikati, sauti nzito kidogo yenye ukavu, halafu Beckley na Peek wanakuja juu, mara nyingi wanatembea sambamba na melodi, yeye akipanda nao wanapanda, akishuka wanashuka, umbali uleule. Ndo ile harmoni ambayo mtu yeyote aliyekulia kanisani anaweza kuiotea bila karatasi. Na ni tamu, sisemi ni mbaya, kiitikio cha Ventura Highway mkikiimba watatu mara ya kwanza mtajikuta mnacheka kwa furaha. Sauti zao zinafanana pia, ni watu waliokua pamoja, wakati mwingine hujui nani ni nani, inakuwa kama mtu mmoja kajigawa.

CSN sauti hazifanani hata kidogo. Nash yuko juu, sauti nyembamba inayong'aa, ya Kiingereza hasa. Stills ana mkwaruzo, kuna blues ndani yake na kuna kitu cha Amerika ya Kilatini pia, maana utoto wake kapitia Costa Rica na Panama. Halafu katikati yupo Crosby, na huyu ndo siri ya duka. Crosby alikuwa mtu wa jazi masikioni, na sauti yake ya katikati haifuati melodi. Wenzake wanapanda, yeye kabaki palepale kwenye nota moja kaganda. Wenzake wametulia, yeye anashuka. Ukimtoa ukamsikiliza peke yake utasema huu sio wimbo, huyu mtu kapotea. Ukimrudisha kati ya wale wawili ghafla kodi nzima, yaani zile nota zote zinazolia pamoja, inafunguka kama mtu kafungua dirisha. Ndo maana kuna watu wamewasikiliza miaka arobaini na hawawezi kukwambia Crosby anaimba nini, wanajua tu kwamba akitoka kuna baridi.

Tulijaribu. Jumapili ilopita baada ya ibada wale vijana walikuja kwangu, wamekaa kwenye mkeka, nikawawekea Helplessly Hoping kwenye simu, spika ndogo juu ya sufuria tupu ili sauti ijae kidogo (jaribuni, inasaidia). Huo wimbo ni gitaa moja la Stills na sauti tatu, basi, hakuna drams hakuna pa kujificha. Na maneno yenyewe yamepangwa kwa herufi moja moja, mstari mzima unaanza na herufi ileile neno baada ya neno, kwahiyo ulimi nao una kazi. Mpwa akachukua ya juu, dakika tano kaipata. Mwenzake mwenye sauti ya kubanjuka akachukua ya Stills, poa. Wa tatu nikampa ya Crosby. Saa nzima. Saa nzima wana, na kila tukifika mstari wa pili anaenda kwa mwenzake, nikamwambia ziba sikio moja, kaziba, bado kaenda. Mke wangu akapita na chai akasema huyo mtoto muacheni apumzike.

Tukawasha A Horse with No Name ya America, ndani ya robo saa wanaimba wote watatu na jirani kaitikia upande wa pili wa ukuta. Hiyo ndo tofauti, siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hivyo.

Upande wa gitaa nao hivyohivyo. Horse with No Name ina kodi mbili. Mbili tu, wimbo mzima. Na sio kodi za kuvunja vidole: ya kwanza ni E minor, vidole viwili kwenye freti ya pili, waya wa tano na wa nne. Ya pili, vidole vilevile viwili, freti ileile, unavitanua tu, kimoja kiende waya wa sita na kingine waya wa tatu, nyuzi nyingine zote wazi. Jina lake kwenye vitabu ni refu la kutisha, D6add9 juu ya F kali, msijali, tanua vidole. Mpwa kaipata siku ya kwanza na gitaa lake la gundi. Kazi yote iko mkono wa kulia, ule mdundo wa kutembea kama mnyama kachoka ila hajasimama.

Sasa njoo Suite: Judy Blue Eyes, wimbo wa kwanza kwenye albamu ya kwanza ya CSN, dakika 7 na ushee, Stills kauandika kwa Judy Collins mwimbaji waliyekuwa wanaachana, na kwa kweli ni nyimbo kama nne zimeshonwa pamoja. Kabla hujapiga hata kodi moja inabidi utyuni gitaa upya, nyuzi nne nene zote ziwe E, wa pili ubaki B, wa kwanza E. Maana yake waya wa nne unaupandisha kutoka D. Kama waya wako una kutu kama wa mtu ninayemjua, ukikatika usinipigie. Crosby naye ana tyuni zake za ajabu, Guinnevere mtu akijaribu kuipiga kwa tyuni ya kawaida atadhani kalogwa. Na kwenye hiyo albamu Stills kapiga karibu kila kitu mwenyewe, magitaa, besi, kinanda, ukitoa drams za Dallas Taylor, mpaka wenzake wakamwita Kapteni Mikono Mingi. Kwahiyo vijana mnaoanza msikae kujilaumu mbona haisikiki kama yao, mnashindana na mtu mwenye mikono mingi.

Maneno sasa. Hapa maoni yangu yatawaudhi mashabiki wa America lakini nasema. CSN wana mambo ya kusema. Long Time Gone Crosby aliandika baada ya Robert Kennedy kuuawa Juni 1968. Wooden Ships ni watu waliobaki baada ya vita vya nyuklia wanakutana kwenye mashua, Crosby na Stills waliuandika pamoja na Paul Kantner wa bendi ya Jefferson Airplane kwenye mashua ya Crosby mwenyewe. Halafu Neil Young, mwenzake Stills wa Buffalo Springfield, alipoongezeka wakawa wanne, na tarehe 4 Mei 1970 askari wakapiga risasi wanafunzi wanne wa chuo cha Kent State kule Ohio wakafa, Young akaandika Ohio, mwezi huohuo wakaingia studio, na wiki chache baadaye iko redioni, ingawa stesheni nyingine ziligoma kuipiga. Sikilizeni Crosby anavyolia mwishoni, sio kuimba, kulia.

America? Jangwa, farasi, barabara, mawingu. Bunnell aliandika ule wimbo wa farasi akiwa Uingereza, mvua ya Uingereza imemchosha, anakumbuka jangwa la Arizona na New Mexico alilolipitia utotoni. Kuna stesheni za Marekani zilikataa kuupiga zikidhani farasi ni ile lugha ya mitaani ya heroini, wakati jamaa alikuwa anataka jua tu. Ventura Highway nayo: akiwa mdogo, familia iko safarini karibu na kambi ya Vandenberg huko California, tairi likapata pancha, baba anabadilisha tairi, watoto wamesimama kando ya barabara wanaangalia mawingu, moja kama mjusi, moja kama mamba, na kibao cha barabara kimeandikwa Ventura. Wimbo umetoka hapo. Na mimi naona hicho ni kipaji pia, kushika dakika ishirini za pancha zikakaa nusu karne, ila usiniambie ni falsafa. Watu wengine wanachambua Tin Man kama vile ni unabii. Haina maana yoyote bana, ni tamu tu, iacheni iwe tamu.

Huko juu nimemtaja Neil Young, na yeye ndo mkanganyiko mkubwa kwa wageni. Horse with No Name ilipotoka watu kibao walidhani ni yeye, ile sauti ya puani, lile gitaa. Na kichekesho ni kwamba Machi 1972 ilipofika namba 1 Marekani iliyong'olewa kwenye hiyo namba ilikuwa Heart of Gold, ya Neil Young mwenyewe. Yaani kivuli kimemsukuma mwenye kivuli. Kisha America wakahamia Los Angeles na wakasimamiwa na ofisi ileile ya David Geffen na Elliot Roberts iliyokuwa inawasimamia Young na wenzake. Kwahiyo kama umesikia wimbo mahali na hujui ni wa nani kati ya hawa, usijione mjinga.

Tuzo hazitusaidii kuchagua, wote wawili walibeba Grammy ya msanii mpya bora, CSN wakiwapiga Led Zeppelin na America wakiwapiga Eagles, haya niambie hiyo inathibitisha nini.

Utengenezaji wa sauti una tofauti ambayo ni muhimu kama unasikilizia simu. CSN ya 1969 ni kavu, mbao, pumzi, unasikia vidole vikiteleza kwenye waya. America albamu ya kwanza nayo ni hivyo, lakini kuanzia 1974 na albamu ya Holiday walimchukua George Martin, yuleyule prodyuza wa Beatles, na akabaki nao mpaka 1979. Mzee kaleta vinanda, vayolini, kila kitu kimepigwa pasi. Lonely People ni ya kipindi hiki, Dan Peek na mkewe Catherine waliiandika kama jibu kwa Eleanor Rigby ya Beatles, na aliyeisimamia studio ni mtu yuleyule aliyesimamia Eleanor Rigby, hiyo mi naipenda sana. Sister Golden Hair ya Beckley ikafika namba 1 mwaka 1975. Kwa spika mbovu America ya George Martin inasikika vizuri kuliko CSN, kila kitu kiko mahali pake. Kwa eafoni nzuri usiku taa imezimwa, CSN anashinda mbali sana. (Angalizo: kwa sababu isiyojulikana America waliamua albamu zao zianze na herufi H, Homecoming, Hat Trick, Holiday, Hearts, Hideaway, Harbor, mpaka mkusanyiko ukaitwa History, kwahiyo ukimwagiza mtu akushushie "ile ya H" utajuta.)

Haya, ugomvi. Hakuna namna ya kuwalinganisha hawa bila ugomvi maana unaingia mpaka kwenye idadi ya kazi zao. CSN kama watatu wana albamu za studio tano tu: 1969, 1977, 1982, 1990 na 1994. Na Young zipo tatu, Déjà Vu ya 1970 halafu mbili za baadaye ambazo mnaweza kuishi bila kuzisikia. Kwa zaidi ya miaka arobaini, nane! Katikati kuna kuachana, kurudiana, kila mtu na albamu yake peke yake, Crosby madawa ya kulevya mpaka akafungwa Texas miaka ya 80, kisha 1994 akapandikizwa ini. Déjà Vu yenyewe ambayo inasikika kama marafiki wanne karibu na moto, Stills alikadiria ilikula kama masaa 800 studio, na sehemu kubwa kila mtu alirekodi kivyake. Mchumba wa Crosby, Christine Hinton, alikuwa amekufa kwenye ajali ya gari Septemba 1969 wakati kazi inaendelea. Na bado Nash akatoa humo Our House, wimbo wa mtu anayewasha moto nyumbani na paka wawili uani, ndo maisha yake na Joni Mitchell wakati huo.

Mara ya mwisho kuimba watatu hadharani ilikuwa Desemba 2015, kwenye sherehe ya kuwasha mti wa Krismasi wa taifa huko Washington, wimbo Silent Night, itafuteni kama mna moyo. Mi nimeiangalia mara moja. Kila mwana kwaya anaujua huo wimbo usingizini na hawa watu, hawa, haukuwakalia sawa. 2016 Nash na Crosby wakavunjika kabisa kwa maneno makali, na Januari 2023 Crosby akafa akiwa na miaka 81. Kwahiyo hiyo sauti ya katikati haipo tena duniani, imebaki kwenye rekodi.

America hawana tamthilia. Peek aliondoka 1977, alishachoka na maisha ya ziara na madawa, akarudi kwenye imani yake akawa anaimba nyimbo za Kikristo, kafariki 2011. Beckley na Bunnell wakaendelea wawili, wakaajiri wa kujazia, wakapata hiti tena 1982 na You Can Do Magic ambayo kawaandikia Russ Ballard, na wakawa wanazunguka mwaka baada ya mwaka, miongo mitano, bila kuchapana makonde. Mtu anaweza kusema basi hao ndo bora, na kama swali ni ndoa namkubalia. Ila nikisikiliza naona kwamba kile kinachofanya harmoni ya CSN inishtue mpaka leo ni kwamba ni watu watatu ambao hawakubaliani, na kwa dakika nne wamekubali kusimama kila mtu kwenye nota yake na asiingie kwa mwenzake, unasikia wanavyojizuia. America wanakubaliana tangu mwanzo. Kwahiyo hakuna mvutano, kuna utulivu, na utulivu ni mzuri ukiwa kwenye basi la usiku.

Laivu pia mjihadhari. CSN laivu ni bahati nasibu. Tamasha la Woodstock, Agosti 1969, usiku wa manane, walikuwa wanapanda jukwaani kwa mara ya pili tu katika maisha ya bendi, Stills mwenyewe akawaambia watu kwamba wanaogopa, na sauti zinatetemeka kweli, zinatoka nje ya nota na kurudi. 4 Way Street, albamu yao ya laivu ya 1971, ina sehemu ambazo mwalimu wetu wa kwaya angesimamisha mazoezi. Mimi napenda hivyohivyo, lakini kama ndo unajifunza usijifunzie hapo, utabeba makosa yao. America laivu ni kama kwenye rekodi, labda hata sana kama kwenye rekodi.

Haya sasa kwa bando. Mkiwa na la albamu moja tu, na mnataka nyimbo za kupiga, History ya America, nyimbo 12, zote zilizovuma mpaka 1975 zimo, na George Martin kazipitia upya zilizokuwa za kabla yake ili zifanane. Mkishaimaliza hiyo, America mmewamaliza kwa asilimia kubwa, nasema kwa upendo. Mkiwa na la albamu moja na mnataka kujifunza kusikia, Crosby, Stills & Nash ya 1969, nyimbo 10, ile yenye kava wamekaa kwenye kochi nje ya nyumba mbovu. Angalieni lile kava, wamekaa kwa mpangilio wa Nash, Stills, Crosby, kinyume na jina, maana walipigwa picha kabla ya kuamua nani atangulie. Walirudi siku chache baadaye warudie picha wakakuta nyumba imeshabomolewa. Basi ikabaki hivyo. Bando likiongezeka, Déjà Vu, halafu kutoka CSN ya 1977 na Daylight Again ya 1982 chukueni Just a Song Before I Go na Southern Cross mziweke pembeni kwa safari. Za 1990 na 1994 acheni.

Mwenye sauti nyembamba ya juu amsikilize Nash, asimsikilize Beckley kwanza, maana Beckley ni laini atakufundisha kulegeza. Mwenye sauti ya kawaida kabisa ambaye kila siku anaambiwa huna sauti, amsikilize Bunnell, naye sauti ni ya kawaida na ilifika namba 1.

Nilipomtumia mpwa haya kwa kifupi akajibu, "Sawa anko, tumechagua wa farasi kwanza." Nikasema sawa. Jana saa nne usiku ananitumia voisi, nikajua ni farasi, nafungua nakuta Helplessly Hoping, gitaa halijatyuniwa vizuri, mbwa anabweka nyuma, mstari wa kwanza umetulia, wa pili, wa katikati yuko palepale hajahama, nikakaa kitandani vizuri, wa tatu, akaenda kwa mwenzake.

Nimemjibu: mwambieni azibe sikio la kulia, sio la kushoto, mwenye melodi yuko upande huo. Rudieni.